Ushauri: Bibi ninayemhudumia, wanawe wameniachia kila kitu

MamaWawili: Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa kuna bibi mjane aliyepigwa kiharusi upande mmoja. Tulianza kwa zamu akina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki): huyu anafua, yule anapika uji, mwingine anamwogesha. Kidogo kidogo wenzangu wakapungua, nikabaki peke yangu. Wanawe wapo mjini hapa hapa, wana kazi zao. Zamani walituma hela ya pampasi, siku hizi hata simu hawapigi, wanasema "mama yupo na watu wa kanisa". Mume wangu ameanza kununa, na simlaumu, chakula kinaiva usiku. Nikitaka kuacha, Mathayo 25 inanijia, pale Yesu anaposema "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama". Nikiendelea, mgongo unaniua. Nifanyeje?

Kijiweni: Milele amina. Achana nao! Wao wanakula bata, wewe unabeba ndoo. Susa wiki moja uone kama hawatajitokeza.

MzeeWaParokia: Kijana, wiki hiyo atakayelala kwenye mkojo ni bibi, siyo wanawe.
Mwanangu, soma 1 Timotheo 5. Aya ya 4 inawataka watoto na wajukuu waanze wao kuwatunza wazazi. Aya ya 16 inasema wenye wajane wawasaidie, ili kanisa lisilemewe, liwatunze wasio na mtu kabisa. Kwa hiyo kuwaita si kukosa upendo. Hata kwenye Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakumtwika mama mmoja mwenye huruma. Walichaguliwa watu saba. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya aitishe kikao, wanawe wawepo.

NesiMstaafu: Mimi naanza na mgongo wako. Usimnyanyue peke yako! Tandika shuka iliyokunjwa chini yake, muishike watu wawili, huku na huku, mumsogeze kwa shuka. Kwenye uji, muwe mnamketisha kwanza, maana kiharusi huharibu kumeza na chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Kagua visigino na makalio kila siku. Kama hawezi kujigeuza, ageuzwe kila saa mbili hivi, usiku pia. Sasa piga hesabu mwenyewe kama hiyo ni kazi ya jirani mmoja.

BabaP: Huyo mume anayenuna ameshafika kwa bibi? Mke wangu alinituma maji kwa mgonjwa wao mmoja, toka siku hiyo naulizia hali yake mwenyewe.

MamaWawili: Asanteni. Mwenyekiti amekubali, kikao Jumapili baada ya misa ya pili. Binti mkubwa nimempigia, amekuja juu, eti nataka kulipwa. Niende na katekista (mwalimu wa dini), au niwaache wayamalize kifamilia?

MzeeWaParokia: Nenda naye, aongee yeye. Na beba daftari la zamu likiwa tupu, kila mmoja ajiandike mwenyewe, binti akiwa wa kwanza.