Naanza kasino ya mtandaoni: bonasi kubwa au leseni ya kueleweka?

Chipukizi_K
Habari wakuu. Nataka kufungua akaunti yangu ya kwanza ya kasino mtandaoni kabla ya wikiendi. Nimebaki na mbili. Ya kwanza inatoa bonasi ya asilimia 200 ya pesa ya kwanza unayoweka. Ya pili asilimia 50 tu, halafu wanataka kitambulisho kabla hujaweka hata senti. Naelemea ya kwanza. Mnasemaje?

Nahodha
Mkuu, umeleta nusu ya habari. Leseni ya nani? Bonasi inachezwa mara ngapi ndipo utoe? Unataka sloti za mashine au ruleti ya gurudumu na mpira mdogo? Na hiyo pesa ni ya nini? Jibu hayo kwanza.

Tumbiri
Achana na kasino, weka mkeka wa mpira. Timu unazijua, majeruhi unawajua. Sloti utaijulia wapi?

BintiHesabu
Tumbiri, faida ya kampuni imeshakatwa ndani ya odi kabla hujachagua timu. Ujuzi wako hauifuti.

Chipukizi_K
Samahani kwa kukosa maelezo. Ya kwanza sijaona leseni popote. Ya pili wameandika Malta Gaming Authority, mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Malta, pamoja na namba. Ile ya asilimia 200 masharti ni mara 40, bonasi na amana kwa pamoja. Nitacheza ruleti kwa mbinu ya kudabo dau kila ukipoteza.

BintiHesabu
Tupige hesabu. Ukiweka 100 wanakupa 200, jumla 300. Mara 40 ni 12,000, hizo ndizo unatakiwa kuzizungusha kabla ya kutoa. Sloti inayorejesha asilimia 96 kwa wastani itakula 480 humo njiani. Yaani salio la 300 litakauka mapema, na ile 100 yako imo humo humo. Usitegemee ruleti ikuokoe, sehemu nyingi haihesabiwi kabisa kwenye masharti ya bonasi au inahesabiwa kidogo mno. Bonasi unaruhusiwa kuikataa. Mimi huikataa kila mara.

Nahodha
Na hiyo namba ya leseni usiiamini kwa kuiona tu. Nembo yoyote anaweza kuibandika. Ingia tovuti ya mamlaka yenyewe, tafuta kwenye orodha yao, hakikisha anwani ya tovuti unayotaka kuchezea imo, herufi kwa herufi. Isiyo na leseni hata usiijadili, maana wakikunyima pesa yako hakuna wa kumlalamikia.

Mzee_Kitambo
Mwanangu, kitambulisho kudaiwa mapema ni heri yako. Mimi nilijiunga na moja iliyonipokea bila kuuliza chochote. Kuweka pesa ilikuwa dakika moja. Nikashinda, fedha nzuri tu, nikabonyeza kutoa. Hapo ndipo wakakumbuka kitambulisho. Nikakipiga picha juu ya meza, wakakataa kwa sababu kona ya chini imekatwa. Nikapiga tena, wakasema mwanga unang'aa juu ya jina. Kesho yake wakataka bili yenye anwani, nikatuma ya umeme, wakasema jina la kati halimo. Siku zote hizo pesa inaonekana pale, imeandikwa "inashughulikiwa", na pembeni yake kitufe cha kijani: rudisha kwenye salio. Usiku wa nne nikakibonyeza. Nilicheza mpaka saa tisa usiku, simu imebaki asilimia 4 ya chaji, nimekaa chini karibu na soketi ili isizime. Ilipoisha yote nikaweka na ya mfukoni. Mke wangu nilimwambia nilikosa usingizi tu. Yule kijana wa huduma kwa wateja simlaumu, ila kile kitufe walikiweka wakijua kitafanya nini.

Kipanga
Pole sana mzee. Lakini kudabo kunafanya kazi, nimefanya wiki 3 sijapoteza.

BintiHesabu
Kipanga, anza na dau la 1. Ukipoteza mara 7 mfululizo umeshatoa 127, na la nane ni 128, yote hayo kufukuzia faida ya 1. Kwenye ruleti ya sufuri moja, kupoteza 7 mfululizo hutokea takriban mara 1 katika kila majaribio 106. Na meza ina kikomo cha dau. Kwenye kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, mpira wa ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo huku watu wakizidi kumwaga pesa kwenye nyekundu.

Kipanga
1913 ni zamani. Siku hizi ni kompyuta.

Tumbiri
Ndiyo maana nasema mpira.

Subira
Chipukizi, ukishindwa kujizuia, basi weka kikomo cha amana cha wiki siku ile ile unafungua akaunti, kabla ya dau la kwanza. Ukishaanza kupoteza hutakiweka. Tafuta pia sehemu ya kujifungia akaunti. Ikiwa imefichwa, ondoka. Usitumie mkopo. Uingereza walipiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo Aprili 2020. Mzee, kama bado inakusumbua, Gamblers Anonymous, kikundi cha kusaidiana cha waliozidiwa na kamari, wapo tangu 1957, na unakaa tu kusikiliza kama hutaki kusema.

Mzee_Kitambo
Ahsante dada. Mke wangu anajua sasa.

Chipukizi_K
Nimewasoma wote. Ile ya kwanza naiacha. Pesa ni akiba kidogo, kuna pengo nataka kuliziba.

Nahodha
Pengo gani?

Kipanga
BintiHesabu, na ile ruleti ya sufuri mbili?

BintiHesabu
Mbaya zaidi. Sufuri moja ina vyumba 37, nyumba inachukua asilimia 2.70. Sufuri mbili ni vyumba 38, asilimia 5.26. Malipo ni yale yale.

Tumbiri
Nani anafuatilia mechi za Jumamosi?

Nahodha
Chipukizi, pengo gani? Usiweke pesa kabla hujajibu.