Wakuu, polisi wa Marekani wanaua watu wangapi kwa mwaka? Kila nikitafuta napata namba tofauti

Mchambuzi_Uchwara

Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu. Nina kazi ya kuwasilisha darasani wiki ijayo, mada ni polisi wa Marekani kwa takwimu, nikajua ni kazi ya jioni moja tu maana Wamarekani wale kila kitu wanahesabu, hata besiboli utaambiwa jamaa karusha mpira mara ngapi na kwa spidi gani. Sasa nimekwama swali la kwanza kabisa. Polisi wanaua watu wangapi kwa mwaka?

Sehemu moja naambiwa 400 na kitu, chanzo FBI, wale wapelelezi wa serikali kuu. Sehemu nyingine karibu 1,000, chanzo gazeti la Washington Post. Mwaka ni ule ule wa 2015! Hii sio kukosea kujumlisha, hii ni zaidi ya mara mbili. Nani muongo hapo?

Halafu kingine, nimechora grafu ya uhalifu kwa kujumlisha mwenyewe zile ripoti za FBI mwaka kwa mwaka, naona 2021 mstari unaporomoka kama umesukumwa. Niandike polisi walijitahidi mwaka huo?

---

Karani_Mstaafu

Mkuu usiandike hivyo kabisa, utaaibika mbele za watu. Grafu nitairudia, tuanze na hilo la kwanza.

Kwanza toa kichwani ile picha ya polisi mmoja wa nchi nzima mwenye IGP mmoja. Marekani hakuna kitu hicho. Kuna vyombo vya polisi kama 18,000, yaani polisi wa mji, sherifu wa kaunti ambaye sehemu nyingi anapigiwa kura kama mbunge, polisi wa jimbo, polisi wa vyuo, wa bustani za umma, halafu ndio waje hao wa serikali kuu. New York peke yake ina askari elfu thelathini na kitu, huku karibu nusu ya idara za polisi za miji hazifikishi askari kumi. Kumi! Mkuu wa polisi, wasaidizi wake na gari mbili tatu, basi. Na FBI sio bosi wa hao wote, hawezi kumwamrisha sherifu lete ripoti kesho asubuhi.

FBI wanakusanya takwimu za uhalifu tangu 1930 lakini kwa hiari, anayetaka anatuma na asiyetaka anakaa kimya. Kwenye hiyo mifumo kuna kisanduku kinaitwa mauaji halali, askari kamuua mtuhumiwa akiwa kazini. Hapo ndipo inapotoka 400 na kitu yako. Kwa hiyo ile namba maana yake ni "watu waliouawa na polisi, ambao polisi wenyewe walisema kuwaua ilikuwa halali, kwenye zile idara zilizoamua kutuma fomu". Soma tena polepole utaona kwanini ni ndogo.

Agosti 2014 kijana mweusi Michael Brown akapigwa risasi na askari Ferguson, Missouri, akafa, watu wakaingia barabarani, waandishi wakauliza swali lako hili hili na serikali haikuwa na jibu. Ndio Washington Post wakaanza 2015 kuhesabu wenyewe, kila siku walikuwa wanapitia habari za magazeti ya miji midogo, taarifa za polisi, mitandao ya kijamii, wanaandika mmoja mmoja. Guardian la Uingereza nao wakafanya hivyo 2015 na 2016. Mwaka wa kwanza tu Post wakapata karibu 1,000 waliopigwa risasi wakafa, na miaka iliyofuata ilikuwa inazunguka humo humo na kupanda kidogo kidogo, mpaka walipoacha kuhesabu mwisho wa 2024. James Comey aliyekuwa bosi wa FBI alikiri mwenyewe 2015 kwamba ni aibu magazeti kuwa na data nzuri kuliko serikali.

FBI wakaanzisha mfumo mwingine Januari 2019 wa kurekodi askari wanapotumia nguvu. Na huo nao ni wa hiari, bado hawajajifunza.

---

Pilipili_Kichaa

Yaani fomu ya kusema "nimeua" unajaza ukijisikia 😂 makubwa haya

---

Afande_Mtetezi

Naona mada inataka kuelekea kule kule kwa siku zote, polisi wabaya polisi wauaji. Tuwe wakweli na sisi. Hao hao Washington Post ukifungua faili lao, karibu nusu ya waliouawa wenye asili inayojulikana ni wazungu. Weusi ni kama robo. Mbona hamsemi hilo? Na askari nao wanauawa, 2021 walikufa 73 kwa kuuawa makusudi, 2023 ni 60. Nchi ile bunduki za raia ni nyingi kuliko raia, makadirio ya 2017 yalikuwa bunduki 120 kwa kila watu 100, sasa wewe askari unasogelea gari usiku hujui dereva kashika nini, utatembea na maua?

Na mwingine huu hapa, serikali iliwauliza wananchi 2018, watu kama milioni 61 walikutana na polisi kwa namna moja au nyingine mwaka ule, waliotishiwa au kutumiwa nguvu ni kama asilimia 2 tu. Asilimia 98 wameachana salama.

---

Karani_Mstaafu

Afande namba zako zote ni za kweli, sina ugomvi nazo hata moja. Ugomvi wangu ni pale ulipoishia. Wazungu wasio Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) ni karibu asilimia 60 ya watu wa nchi ile, weusi ni 13 au 14 hivi. Kwa hiyo nusu kwa wazungu ni pungufu ya sehemu yao na robo kwa weusi ni karibu mara mbili ya sehemu yao. Ukigawa kwa idadi ya watu, mtu mweusi ana uwezekano zaidi ya mara mbili ya mzungu kuuawa kwa risasi ya polisi. Faili ni lile lile, ila wewe umehesabu majeneza bila kuuliza kila kundi lina watu wangapi.

Na hiyo asilimia 2 ya milioni 61 si ni zaidi ya watu milioni moja jamani? Kwa mwaka mmoja. Ndogo kwa asilimia, uwanja wa mpira hauwatoshi.

La bunduki nakuunga mkono mia kwa mia, bila hilo huwezi kuelewa polisi wa kule hata kidogo. Ila ongeza na hili, mafunzo ya chuo cha polisi kule kwa wastani ni saa 800 na kidogo, ukipiga hesabu ni miezi mitano hivi. Ujerumani ni miaka miwili na nusu mpaka mitatu.

---

Afande_Mtetezi

Sawa mkuu lakini kugawa kwa idadi ya watu nako kuna mtego. Polisi hawakutani na "idadi ya watu", wanakutana na waliopo barabarani na kwenye matukio. Ukitaka haki gawa kwa waliokutana nao.

---

Binti_wa_Sampuli

Samahani naingilia kaka zangu, hapo Afande kauliza swali zuri kuliko yote humu na watu wengi wanalikimbia. Shida ni kwamba na hao "waliokutana nao" wamechaguliwa na polisi wenyewe. Kama askari ndiye anaamua amsimamishe nani, huwezi kutumia aliowasimamisha kama kipimo cha kumpimia askari huyo huyo, ni kama mwalimu kujisahihishia mtihani.

Kuna watu wa chuo kikuu cha Stanford walitafuta njia ya kulizunguka hilo kwenye magari, mimi naipenda sana hii. Fikiria saa moja jioni. Kipindi cha kiangazi saa moja bado jua liko juu, askari anaona sura ya dereva. Kipindi cha baridi saa moja hiyo hiyo ni giza totoro, anaona taa tu. Barabara ni ile ile, watu ni wale wale wanatoka kazini. Sasa kama askari hajali rangi, sehemu ya weusi kati ya wanaosimamishwa haitakiwi kubadilika kati ya mwanga na giza, si ndio? Wakachukua rekodi za karibu magari milioni 100 yaliyosimamishwa, idara za miji na majimbo tofauti tofauti, matokeo yakachapishwa 2020, na giza likiingia sehemu ya madereva weusi inashuka. Yaani giza linawasitiri.

Na kwenye kupekua magari wakakuta weusi na Walatino wanapekuliwa kwa sababu ndogo kuliko zinazotosha kumpekua mzungu.

---

Mama_Farhani

Mimi niko huku mwaka wa tisa, jimbo nalihifadhi. Nicheke kidogo kuhusu hizo rekodi. Mume wangu ni maji ya kunde na nywele zake za singa, mwaka juzi alisimamishwa taa ya nyuma imeungua, askari hakuwa na ubaya wowote, kaongea vizuri, kampa karatasi ya onyo akatuacha. Tumefika nyumbani nasoma ile karatasi, sehemu ya asili kaandikwa Mlatino. Jina la kwanza kwenye leseni ni Abdallah! Hakumuuliza, kamwangalia tu akajaza. Basi tangu siku ile nikiona asilimia ya Walatino waliosimamishwa najua mmoja wao yuko jikoni kwangu anakula wali wa nazi.

---

Binti_wa_Sampuli

Dada Mama Farhani umenichekesha lakini hilo limewahi kuwa kashfa kabisa. Texas 2015 ilibainika askari wa barabara kuu wa jimbo walikuwa wanawaandika madereva Walatino kuwa ni wazungu, mpaka wakaagizwa wawe wanamuuliza dereva mwenyewe. Sasa wewe chukua data ya kabla ya hapo uchore grafu ya ubaguzi uone kama utaupata.

---

Mchambuzi_Uchwara

Aisee. Kwa hiyo mimi nawasilisha nini wakuu?? Karani bado unanidai grafu ya 2021.

---

Karani_Mstaafu

Nakuja kwenye deni. Mfumo wa zamani wa FBI ulikuwa na kanuni moja ya ajabu, mtu akivamia nyumba, akaiba, akaua, linahesabiwa kosa moja tu lile kubwa zaidi, wizi unapotea. Wakatengeneza mfumo mpya unaorekodi kila kosa kwenye tukio, kitu kizuri sana, na kuanzia Januari 2021 wakaufunga wa zamani. Tatizo idara nyingi kompyuta zao hazikuwa tayari, hivyo mwaka huo hawakutuma kitu. Na sio vijiji, New York na Los Angeles hawakuwemo! Taarifa zilizoingia zilifunika kama theluthi mbili tu ya watu wa nchi. Kwa hiyo uhalifu wako haukuporomoka mdogo wangu, waliokosekana ni wahesabuji. 2022 FBI wakalegeza wakakubali tena na fomu za zamani ndio mstari ukapanda. Ulivyojumlisha mwenyewe bila kuangalia ni idara ngapi zilituma, umechora grafu ya fomu.

Ukitaka cha kuwasisimua darasani weka mauaji yaliyopata mtuhumiwa. Miaka ya 60 mwanzoni polisi wa Marekani walikuwa wanasema kesi zaidi ya 90 kwa kila 100 za mauaji zimepata wa kumkamata, 2022 ilikuwa kama nusu tu. Rusha shilingi. Kwa wizi wa mali ndio usiulize kabisa.

---

Pilipili_Kichaa

ila si walikuwa na ile ya kusimamisha watu na kuwapapasa mitaani New York, ilisaidia au haikusaidia?

---

Karani_Mstaafu

2011 walisimamisha watu mara 685,724, na karibu tisa kati ya kumi waliachiwa bila kukamatwa wala kupewa karatasi ya kosa. 2013 jaji Shira Scheindlin akasema jinsi ilivyokuwa inafanywa inavunja katiba. Kufika 2017 zilizorekodiwa hazifiki 12,000. Na mauaji mjini yalikuwa 515 mwaka 2011, 2017 yakawa 292. Sisemi kuacha kupapasa ndiko kulikopunguza mauaji, vitu vingi vinaingia hapo, ila wale waliosema mji utageuka machinjio walikosea vibaya. Afande usininunie, angalia neno "zilizorekodiwa", hilo ni la kwako, maana huenda zipo ambazo hazikuandikwa.

---

Afande_Mtetezi

😂 nimeliona. Nakubali yaishe, kwa leo.

---

Mchambuzi_Uchwara

Wakuu nashukuru mno. Nimefuta mstari wa 2021, nimeacha pengo na nimeandika pembeni kwanini. Kwenye waliouawa nitaweka namba zote mbili na chini ya kila moja nani kahesabu nini. Swali la mwisho halafu niwaache mlale. Nimepakua faili la Washington Post nataka nianze na mfano ambao kila mtu darasani anaujua, nimetafuta George Floyd, Mei 2020, Minneapolis, nimepekua mara tatu simuoni. Breonna Taylor, yule dada aliyepigwa risasi na polisi Machi 2020 Louisville, yupo. Faili langu bovu au?

---

Binti_wa_Sampuli

Faili zima kabisa. Lile linahesabu waliopigwa risasi tu, na Floyd hakupigwa risasi, aligandamizwa shingo kwa goti. Freddie Gray wa Baltimore 2015, aliyekufa kwa majeraha aliyopata akiwa mikononi mwa polisi, naye hutamuona. Ukitaka wote nenda kwa Mapping Police Violence, wao wanahesabu kila aina ya kifo.

Na usitegemee vyeti vya vifo vikuokoe. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Lancet 2021, wakalinganisha takwimu za vifo za serikali na hizi hesabu za watu binafsi, kuanzia 1980 mpaka 2018, zaidi ya nusu ya vifo vilivyosababishwa na polisi viliandikwa kama kitu kingine. Taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis usiku ule ilisema mwanaume amefariki baada ya tatizo la kiafya wakati wa kukutana na polisi. Goti halikutajwa. Kilichoibadilisha ile taarifa ni binti wa miaka 17 aliyekuwa anapita na simu yake ina chaji, akarekodi video.