Ushirika wa nyumba uliofanikiwa kweli ni upi?

Swali: Wakuu, kuna nchi watu wa kipato cha chini wamejenga kwa ushirika na haukufia njiani?

Jibu: Uruguay mkuu! Sheria ya 1968 iliwafungulia mikopo ya serikali, asiye na akiba anachangia jasho, kila kaya kama masaa 21 kwa wiki saiti, wanachanganya zege wenyewe, na nyumba mara nyingi wanagawana kwa kura mwishoni kwahiyo hakuna anayelipua kazi kwenye ukuta wa mwenzake, hii naipenda sana

Jibu: Zurich, Uswisi pia, jengo la ushirika la Kalkbreite limejengwa juu ya karakana ya tramu, watu wamehamia 2014, kodi inafuata gharama tu

Muulizaji: Na ukihama unauza?

Jibu: Uruguay wengi wanarudishiwa hisa zao, nyumba inabaki ya ushirika. Walanguzi hawana pa kuingilia.