Kava la pikipiki ya BSA Bantam limevunjika, nataka kulisubu mwenyewe hapa Malindi lakini nimekwama

Mjukuu wa Maweni
Salaam aleikum jamani, naomba ushauri kwa yeyote anayejua kusubu alumini, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye umbo la mchanga. Nina BSA Bantam D1 ya marehemu babu, ile 125 ya miaka ya 50, ililala stoo zaidi ya miaka ishirini, mwaka jana nikaitoa nikaanza kuifufua pole pole na alhamdulillah saa hizi inawaka. Shida ni kava la upande wa klachi, pale shafti ya kiki na ya gia zinapopita tundu moja, limepasuka kutoka kwa hilo tundu mpaka ukingoni na kipande cha upana wa vidole viwili hakipo kabisa, oili yote inamwagika. Nilimpelekea welda mmoja akalichoma likatoboka zaidi, nikarudishiwa vipande vitatu. Kuagiza la mtumba kutoka Uingereza inawezekana lakini ukiweka usafiri na ushuru naona ni bei ya kununua mbuzi wa harusi, na pia moyo wangu unataka litoke hapa hapa kwa mikono yetu, babu mwenyewe alikuwa fundi.

Nimetengeneza jiko la debe nikalipaka udongo ndani, makaa, na feni ya kupuliza. Chungu ni kipande cha paipu ya chuma nimechomea kitako. Nimeyeyusha mikebe ya soda na vipande vya fremu za madirisha. Mchanga nimechota ufukweni nikaulowesha, nikaunganisha vipande vya kava kwa gundi na pati nikavitumia kama kiolezo. Nimemimina mara mbili. Ya kwanza ilichemka kwenye mchanga ikarusha matone, moja likaniangukia mguuni nilikuwa na ndara, na kava lenyewe nilipolikata ndani ni matundu matundu kama mkate wa kumimina. Ya pili ikatoka na sura lakini imepasuka pale shingoni kwa tundu la kiki, na matundu ya bolti hayalingani na injini. Kosa ni mchanga, ni alumini, ama ni mimi? Niendelee?

Jua Kali Kisauni
Wa aleikum salaam. Pole na mguu kijana wangu, na tuanze na huo mguu kabla ya kitu kingine. Ndara usivae tena. Buti za ngozi, suruali ishuke JUU ya buti sio ndani, nguo za pamba sio nailoni, na kinga ya uso mzima. Na usimimine juu ya sakafu ya simiti, simiti ina maji ndani yake hata ukiiona kavu, alumini ikimwagika pale inapasuka inaruka, weka tabaka nene la mchanga mkavu chini ya kila kitu. Koleo, mwiko wa kutolea takataka, kipande cha alumini unachoongeza, vyote vipashe moto kando ya jiko kwanza viishe unyevu. Tone la maji likizama chini ya alumini iliyoyeyuka linakuwa mvuke ghafla na linatoa chungu kizima nje. Moto ukitokea usimwage maji, mwaga mchanga mkavu.

Sasa alumini yako. Mikebe achana nayo, ni myembamba, nusu inaungua inakuwa takataka ya juu tu. Fremu za madirisha ni alumini ya kusukumwa kwenye mashine, haina silikoni ya kutosha, ikipoa inajivuta na kupasuka pale penye kona, na hiyo ndo shingo yako iliyopasuka. Tafuta alumini ambayo ilishasubiwa tangu mwanzo. Rimu za aloi za gari zilizovunjika, nyingi zina silikoni kama asilimia 7, hiyo ndo nzuri kabisa kwa kava. Ukikosa, pistoni kuukuu, silikoni yake inafika 12 hivi, inatiririka vizuri ila ni ngumu kidogo kuchonga baadaye. Malindi tuktuk ziko ngapi? Zungukia mafundi wake watakupa ndoo nzima. Toa pini na ringi kwanza.

Ummu Salma, Kilifi
Mimi nafundisha kemia sekondari na naomba niongeze kuhusu hayo matundu manake watu wengi hudhani ni hewa iliyonaswa tu. Alumini ikiwa maji maji inakunywa haidrojeni, na haidrojeni inaipata kwenye unyevu, iwe wa makaa, wa hewa yetu ya pwani au wa mchanga. Ikianza kuganda haiwezi kuishika tena, inaitema, na pale inapotemwa panabaki kitundu. Kadiri unavyoipasha moto kupita kiasi na kuikoroga ndivyo inavyokunywa zaidi. Alumini safi inayeyuka nyuzi 660, za rimu na pistoni ni chini ya hapo, kwa hiyo mimina ikiwa 700 mpaka 750, usikae nayo kwa moto ukisubiri iwe nyekundu, mchana wa jua la Malindi hutaiona nyekundu mpaka iwe imeshaharibika. Nunua kile kipimajoto cha waya cha aina ya K. Ondoa takataka ya juu mara moja tu kabla ya kumimina, usikoroge.

Na mchanga wa ufukweni kaka yangu una chumvi, chumvi inavuta maji hewani usiku na mchana, hata uuanike wiki nzima. Tena una vipande vya kome na matumbawe na hauna udongo wa kuushikanisha.

Mjukuu wa Maweni
Ahsante mwalimu, ahsante mzee. Mchanga wa mto Sabaki je? Na kuna jamaa wa skrapu ana kesi ya injini ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, nyepesi sana, anasema nichukue yote kwa bei ya kilo.

Jua Kali Kisauni
HIYO KESI USIIGUSE. Kesi za zile Volkswagen ni magnesiamu sio alumini, ikishika moto kwenye chungu huizimi, ukitia maji ndo unaichochea. Kitu chochote chepesi kupita kawaida kikwangue kidogo utie tone la siki, ikitoa povu ni magnesiamu, alumini inakaa kimya. Na mabati au chuma chochote cha zinki usiweke kwenye jiko, moshi wake unakulaza na homa.

Sabaki sawa lakini chekecha upate ule laini, uoshe, uanike, ndo uchanganye na udongo. Bentonaiti ndo bora, na hapo Malindi supamaketi za Wataliano zinauza mchanga wa choo cha paka, tafuta ule usio na manukato, wengi ni bentonaiti, uusage uwe unga. Maji kidogo sana. Finya konzi moja, ikae na alama za vidole, ikivunjwa katikati ivunjike safi isimomonyoke. Kiolezo kipake poda ya watoto kisishike. Na hicho chungu cha paipu, kipake udongo mwembamba ndani kila mara ukaukie kwa moto, alumini inakula chuma pole pole na kava litakuwa la kuvunjika vunjika.

Nakshi za Amu
Mimi nachonga milango hapa Amu (Lamu), injini sijui, lakini hayo matundu ya bolti kutolingana nayajua manake niliwahi kumchongea mtu kiolezo cha propela. Alumini ikipoa inarudi ndani, kwa hesabu ya wachongaji ni milimita 13 kwa kila mita. Kava lako likiwa sentimita 25 basi milimita tatu na ushee zishapotea! Kutumia kava lenyewe kama kiolezo lazima litoke dogo. Chonga la mbao kubwa kwa kiasi hicho, kuta ziwe na mteremko kidogo ili litoke mchangani bila kung'oa, pale pa gasketi ongeza milimita mbili au tatu za kusawazisha. Matundu yote usiyachonge kabisa, ya bolti na la kiki, acha mazima utoboe baadaye kwa kulilaza juu ya injini. Mbao nyooofu iliyokauka miaka, sio mbichi.

Na kama ndani pana vijipembe vingi vya kukataa kutoka, kuna njia ya nta, unalitengeneza kwa nta unalivika udongo unaichoma nta itoke. Siwa yetu, lile baragumu la shaba lililoko makumbusho ya Lamu, ilifanywa kwa nta hivyo hivyo, nenda ukaitazame kwa karibu, kuta zake zile, halafu uniambie pwani hatuwezi kusubu.

Tudor Riders
Kwa nini msimwambie tu atafute mtu wa kuchomea kwa gesi ya argoni? Siku moja na kazi imekwisha.

Jua Kali Kisauni
Ingekuwa ufa tu ningesema hivyo hivyo ndugu, lakini ameshakosa kipande, na alumini iliyonywa oili miaka sabini inachemka ukiichoma, ndo yaliyompata kwa yule welda. Kava halibebi mzigo mkubwa, ni la kujifunzia. Pistoni, kitovu cha gurudumu, vishikio vya foku, hivyo asijaribu kusubu nyumbani, hapo ni roho ya mtu. Mjukuu, pale shingoni pa kiki ndo pazito kuliko pengine, weka juu yake kidimbwi kinene cha akiba kishikane napo, kiwe cha mwisho kuganda, ili shingo ikijivuta inywe kutoka hapo.

Mjukuu wa Maweni
Wapendwa nimerudi, imepita miezi miwili. Nilingoja mvua ziishe, mbao imetoka Amu kwa yule ndugu wa nakshi hakutaka hata pesa ya boti, Mungu amzidishie. Rimu mbili, mchanga wa Sabaki na wa paka, nimemimina nyuzi 720. Limetoka! Shingo nzima, kidimbwi kimezama katikati kama mlivyosema, uso wa gasketi nimeusugua kwa msasa juu ya kioo mpaka mwanga haupiti, fundi wa kukereza amefungua tundu la kiki na kuweka bushi. Ila kona ya chini naona vitundu vidogo kama vya sindano na naogopa oili.

Jua Kali Kisauni
Maa shaa Allah!! Lipake chokaa nje kote likauke, lilaze kama bakuli, ziba matundu ya bolti na la kiki, mimina mafuta ya taa ndani ulale. Penye njia patatoa doa.

Mjukuu wa Maweni
Nililijaza jana baada ya isha. Sasa hivi nimetoka msikitini alfajiri nikapitia stoo na tochi, chokaa yote nyeupe, hata ile kona.