Nasafiri siku 14, goldifishi wanne wanabaki: tangi niliandae vipi?

Mwambao77
Habari za jioni wakuu. Tarehe 19 Desemba tunafunga nyumba kwenda Bukoba, kurudi ni tarehe 2 Januari. Niko Dar. Nyuma nawaacha goldifishi wanne, kila mmoja sentimita 8 hadi 10. Tangi ni sentimita 90 kwa 40, maji yamefika kimo cha 35, ukitoa changarawe na mawe ni kama lita 110. Lina filta ya kuning'inia ukingoni (wati 8) na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa (wati 4). Mimea hakuna. Maji ni ya bomba, huwa nayalaza siku moja kabla ya kuyatia.

Naomba ushauri kwa haya: nimeuziwa vile vitalu vyeupe vya chakula cha likizo, nitumbukize vingapi? Nibadilishe maji yote asubuhi ya safari ili niwaachie masafi? Na binti wa jirani, yuko darasa la sita, amejitolea kuja kuwalisha kila siku. Nimwachie kopo?

Pezi_Refu
Kitalu hapana, maji yote hapana, kopo hapana kabisa.

Kitalu kile kimegandishwa kwa jasi, ile ile ya kupigia plasta. Kazi yake ni kumomonyoka taratibu na kuachia punje. Kwenye maji ya nyuzi 29 au 30 humomonyoka haraka kuliko mtengenezaji alivyotaka, goldifishi nao hukipekua kwa mdomo kama kuku anayeparua jalala. Siku ya tatu una unga chini ya mawe, unaoza, na amonia (sumu itokayo kwenye uozo na taka za samaki) inapanda wakati hakuna mtu nyumbani. Rudisha dukani au kitupe.

Goldifishi hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinapita moja kwa moja utumboni. Ndiyo maana ukipita tu anakuja kwenye kioo kuomba hata kama amekula nusu saa iliyopita, kwa hiyo usimhukumu kwa kuomba. Mkubwa mwenye afya wa kimo hicho anakaa wiki nzima bila kula na asidhoofike, na wengi hufika mbili. Siku 14 ni mwisho wa kamba, hivyo walishwe kidogo katikati. Mara tatu kwa safari nzima inatosha.

Fundi_Sponji
Niongezee kwenye maji, maana hapo ndipo tangi nyingi hufia. Mtu anataka kuacha kila kitu kinang'aa: anamwaga maji yote, anasugua mawe, anafua sponji kwa maji ya bomba, anafunga mlango. Wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti (nayo ni sumu), kisha naitreti (isiyo kali), makazi yao makubwa ni sponji na changarawe. Klorini imewaua, samaki bado wanatoa amonia kupitia mashavu hata wasipokula. Siku ya tatu au ya nne maji yanakuwa na ukungu mweupe, samaki wako juu wanahema, na wewe uko Bukoba.

Ratiba yako iwe hivi. Tarehe 11 au 12 kamua sponji MOJA tu, ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini. Kamua mara nne tano, rudisha. Hiyo ya filta ya ukingoni usiiguse wiki hiyo. Tarehe 16 nyonya uchafu wa chini kwa mpira na utoe lita 30 hivi, ndoo moja ya lita 20 na nusu yake, urudishe maji yaliyolala saa 24, joto lisipishane na la tangi. Tarehe 17 na 18 ni za kutazama tu. Ukifanya kazi hiyo asubuhi ya safari na kitu kikaharibika, hutakiona.

Angalizo kwa wengine watakaosoma uzi huu: kama tangi lako halijabadilishwa maji kwa miezi, usianze na asilimia 30. Maji ya zamani huwa yameelekea kwenye asidi, na humo amonia inakuwa katika hali isiyo na madhara makubwa. Ukimwagia maji mapya mengi kwa mkupuo, asidi inapungua na amonia ile ile inageuka sumu ndani ya saa chache. Anza na asilimia 10 kila siku ya pili.

Nguzo_ya_Umeme
Mnaongelea chakula na ukungu, mimi naogopa joto na umeme. Nyumba iliyofungwa Dar mwezi Desemba, madirisha yote, mapazia wazi upande wa jua: chumba kinapika. Maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 ni 7.5 tu, na hapo ndipo samaki anahitaji hewa nyingi zaidi kwa sababu mwili wake unachemka kasi. Goldifishi asili yake ni maji ya baridi. Wanne wa kimo hicho kwenye lita 110 tayari wamebanana, kwa hiyo pampu ya hewa ndiyo uhai wao. Filta ikizima kwa muda wa saa sita wanaweza kupona. Mapovu yakizima usiku wa joto, sina uhakika huo.

Funga pazia la upande wa jua. Dirisha moja lenye wavu na nondo liache wazi. Mfuniko usiubane, uache upenyo wa vidole viwili. Taa izime moja kwa moja, bila mimea haina kazi zaidi ya kukuzia mwani na kuongeza joto.

Sasa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Filta na pampu ni wati 12. Mara saa 24, mara siku 14, ni yuniti 4 na kidogo. Hizo si kitu. Anayekumaliza ni friji, linaweza kula yuniti 1 hadi 2 kwa siku, na yuniti zikiisha mita haijui kwamba kuna samaki. Ama toa kila kitu kwenye friji ulizime, ama nunua za kutosha zote mbili na uache ziada. Kununua kwa simu ukiwa safarini utaweza, ila kwenye mita nyingi lazima awepo mtu wa kuingiza zile tarakimu 20 unazotumiwa ukilipia.

Kingine: mwambie kila mtu wa nyumbani kwa sauti kwamba MEINSWICHI HAIZIMWI. Yule wa mwisho kutoka huwa na mkono mwepesi.

Mama_Kioo
Nguzo kasema kweli, ila umeme ukikatika kisha UKARUDI ndipo vituko huanza.

Filta ya ukingoni ikizima, maji ya kwenye kisanduku chake huvuja kurudi tangini. Umeme ukirudi, mota inanguruma lakini haivuti, inazunguka kavu mpaka inaungua. Fanya jaribio wiki moja kabla: chomoa plagi, subiri, chomeka. Kama haivuti yenyewe bila kumiminiwa maji, fungua mota, toa lile pangaboi dogo la sumaku, lifute ute kwa mswaki wa zamani, na kishimo linamokaa. Rudia jaribio. Ikigoma tena usiiamini, tegemea sponji, na uongeze sponji ya pili kuanzia sasa ili izoee.

Pampu ya hewa nayo, kama imekaa chini ya usawa wa maji, umeme ukikata maji yanaweza kurudi kwa ule mpira mwembamba na kumwagikia pampu, soketi na sakafu. Weka vali ya njia moja kwenye mpira, ni kidude cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kifundo cha kidole, bei yake ni ya soda. Kipulize kwanza kwa mdomo: upande mmoja hewa ipite, mwingine igome. Upande unaopitisha uelekee tangini. Ukikigeuza hakuna povu hata moja. Nyaya zote ziteremke chini ya soketi kwanza kisha zipande, kama kamba ya kuanikia iliyolegea, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Ekstensheni isikae chini.

Kina cha maji: jaza mpaka sentimita 2 kutoka ukingoni. Kwa tangi lako kila sentimita 1 inayopungua ni lita 3.6, na maji yakishuka chini ya mdomo wa filta inavuta hewa.

Mwambao77
Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Pampu kweli iko chini, kwenye droo, na vali sina. Maswali mawili: mashine ya kulisha yenyewe ya betri, ninunue? Halafu nilisahau kusema, nina ndoo ya lita 20 yenye gapi (samaki wadogo wa mapambo) wachanga kama 15, wana wiki mbili. Nao wafunge?

Pezi_Refu
Wachanga hawafungi. Gapi wa wiki mbili anataka kula mara mbili kwa siku, siku tatu bila kitu utaanza kuokota. Na usiwatie kwa goldifishi, watamezwa kama karanga.

Shamba_la_Ndoo
Kwa gapi tegesha beseni la maji nje leo, ukifika Desemba lina viluwiluwi tele. Chuja, watie ndooni, watajilisha wenyewe.

Mama_Kioo
Shamba, hapana. Kiluwiluwi kinachozidi mdomo wa gapi wa wiki mbili hakiliwi, kinakuwa mbu ndani ya nyumba iliyofungwa. Na beseni nje kwa Dar ndiyo shamba la mbu wa kidingapopo. Mji huu umeshapata milipuko ya homa hiyo 2014 na 2019.

Rahisi zaidi ni ndoo yenyewe kuhamia kwa jirani. Kumtuma mtu aje mara mbili kwa siku kwa wiki mbili ni kujidanganya, ndoo ikiwa jikoni kwao hataisahau. Ihamishe siku nne kabla, na kifilta kidogo cha sponji ndani. Chakula kisagwe kiwe unga. Kipimo: lowesha ncha ya kijiti cha meno, ichovye kwenye unga, kilichong'ang'ania ndiyo mlo wa samaki 15. Kila siku ya tatu atoe lita 3, arudishe lita 3 zilizolala.

Fundi_Sponji
Mashine ya kulisha: kwa goldifishi wako siipendekezi. Si kwamba ni mbaya, ila Dar kuna unyevu, na mapovu yanarusha matone juu. Chakula cha vipande vyembamba kinashikana kwenye tundu siku ya pili, au kinakaa bila kushuka kisha kinashuka cha siku nne kwa pamoja. Ukiamua kununua, tumia punje ngumu za milimita 2, iweke mbali na mapovu, betri mpya, tundu kwenye alama ndogo kabisa, mlo mmoja kila siku ya pili kama mashine inaruhusu. Iendeshe siku saba ukiwa nyumbani, ikimwagia kwenye kisosi badala ya maji, uhesabu punje kila siku. Ikitoa 10 leo na 40 kesho, irudishe.

Nguzo_ya_Umeme
Hela hiyo ya mashine bora inunue pampu ya hewa yenye betri ndani, ile inayojiwasha umeme ukikata. Kuna na za kuchomeka kwenye pawabenki: pampu ya wati 1 kwenye pawabenki ya 10,000 mAh inakwenda kama siku nzima. Ila pawabenki nyingine umeme wa ukutani ukikata nazo zinazima mpaka ubonyeze kitufe. Ijaribu kabla hujaiamini.

Mama_Kioo
Kuhusu binti. Kopo lifiche, hata kabatini, kwa sababu samaki watamwomba na mtoto atawahurumia. Funga vikaratasi vitatu, kila kimoja punje 24 (sita kwa kila samaki), andika juu tarehe 22, 26 na 30. Akikosea tarehe si neno, akikosa kabisa si neno pia.

Kazi yake halisi ni macho. Mbandikie karatasi kwenye kioo: mapovu yanatoka? Filta inamwaga maji? Samaki ni wanne? Maji yamefika kwenye alama? (Piga mstari kwa kalamu ya wino mzito.) Yakishuka chini ya alama amimine kutoka ndoo mbili ulizolaza na kufunika, asitie ya bomba. Akikuta samaki amekufa amtoe kwa wavu siku hiyo hiyo, akupigie. Apige picha moja ya tangi zima kila akija, na namba ya mtu mzima wa karibu iwe kwenye karatasi hiyo hiyo.

Fundi_Sponji
Ukirudi tarehe 2: kabla ya mabegi tazama mapovu na hesabu vichwa. Wape robo ya mlo wa kawaida, kesho yake nusu. Badilisha lita 30 siku hiyo au inayofuata. Ukikuta ukungu na samaki wanahema juu, chakula hapana, lita 30 mara moja na nyingine kesho. Filta ikiwa imezima kwa muda usiojulikana usiiwashe kwanza: maji yaliyolala ndani yake yameoza, na ukiwasha yanamwagikia samaki. Ifungue, mwaga, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Na usilete samaki mpya kuanzia sasa mpaka urudi. Madoadoa meupe huchukua siku kadhaa kujitokeza, huyo mpya utamnunua mzima na kuacha ugonjwa nyumbani.

Mwambao77
Nimeelewa wakuu. Vali nanunua kesho, pampu inapanda juu ya kabati. Leo usiku nachomoa filta dakika tano nione kama itavuta.

Mama_Kioo
Nusu saa, ndugu. Dakika tano kisanduku bado kina maji yake, kitakudanganya.