Tupeane uzoefu: namba za tairi na kiwango sahihi cha upepo

Ndugu zangu, ninaomba tukusanye mahali pamoja uzoefu wetu kuhusu mambo mawili ambayo wenye magari wengi huyaacha mikononi mwa fundi wa pancha, nayo ni namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi na kiasi cha upepo kinachopaswa kujazwa.

Tuchukue 195/65R15 91H, saizi iliyofungwa kwenye Toyota Noah nyingi zilizo barabarani kwetu. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni asilimia, maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127. Herufi R inaonyesha kuwa tairi ni la radiali, yaani nyuzi zake za ndani hupita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi H inaruhusu mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa, kwa hiyo kwa barabara zetu haitusumbui sana. Inayosahaulika ni 91, ambayo ni alama ya uzito: tairi hilo limeundwa kubeba kilo 615 likiwa na upepo wake kamili. Kwa maoni yangu, hii ndiyo namba ya kwanza kuangaliwa na mtu anayebeba abiria au mizigo, kwa sababu matairi mawili yanaweza kulingana saizi na yasilingane uwezo.

Kiwango cha upepo nacho huandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, hivyo maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka bila shida. Vipimo vya upepo ni viwili, kPa na psi: ukiona 220 kPa, gawanya kwa 6.9 upate psi 32. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze saizi, upepo na matokeo aliyoyaona.

Fundi wa matairi, Morogoro

Nashukuru kwa kuanzisha mada hii, kwa kuwa kila wiki napokea wateja wanaosoma namba isiyo yao. Mteja huinama, akaona ubavuni pameandikwa kwamba upepo wa juu kabisa ni psi 44 au 51, kisha akaniagiza nijaze kiasi hicho. Namba hiyo ni mpaka wa tairi lenyewe, ambao mtengenezaji wake anakataza kuuvuka; yeye hajui tairi litafungwa kwenye gari gani. Aliyepima uzito wa gari na kuamua kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele au ya nyuma, inahitaji upepo kiasi gani ni mtengenezaji wa gari, na uamuzi wake ndio ulioandikwa mlangoni.

Tairi lenyewe husema ukweli baada ya miezi kadhaa. Likizidishwa upepo, kashata (vipande vya mpira vinavyogusa barabara) za katikati huisha huku za pembeni zikiwa bado nzima, na gari hurukaruka kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani. Likipungukiwa, huisha kingo zote mbili na kuacha katikati. Likiisha upande mmoja tu, msilaumu upepo. Hapo kwa kawaida ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooshwa sawasawa. Kati ya makosa hayo mawili ya upepo, ninaliogopa zaidi la kupungukiwa, kwa sababu ubavu hujikunja na kujikunjua kila tairi linapozunguka, joto hukusanyika ndani, nyuzi hulegea kutoka kwenye mpira, na mwisho tairi hupasuka likiwa kwenye mwendo mkali. Watu wakiona limepasuka husema lilijaa mno, kumbe mara nyingi lilikuwa na njaa.

Dereva wa masafa, Iringa

Naunga mkono aliyosema fundi, na ninaongeza suala la wakati wa kupima. Upepo wa kwenye kibandiko ni wa tairi la baridi, yaani gari lililopumzika saa tatu au zaidi, au lililotembea umbali mfupi sana. Ukitoka Dar es Salaam alfajiri na psi 32, ukafika Mikumi jua likiwa kali, geji, yaani kipimo cha upepo, inaweza kuonyesha 36 au zaidi, na hali hiyo ni ya kawaida. Nimeona madereva wakipunguza upepo pale pale kituo cha mafuta ili warudi kwenye 32, na kitendo hicho ni cha hatari, kwa kuwa tairi likipoa litakuwa chini ya kiwango, na safari inayobaki lina kazi ya kupanda mlima Kitonga.

Huku kwetu, mji ukiwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kuna jambo jingine. Hewa ya nje ni nyepesi, hivyo geji husoma kama psi 2 zaidi kwa upepo ule ule uliojazwa pwani. Baridi nayo huvuta chini, kwa kadiri ya psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka. Mambo hayo mawili karibu yanafutana, kwa hiyo mimi hupima upya asubuhi pale nilipolala na kurekebisha kama kuna haja, sikisii.

Mwenye gari dogo, Mombasa

Yangu yanahusu kubadilisha saizi. Jirani yangu alikuwa na gari linalotumia 175/65R14, na muuzaji akamshawishi achukue 185/70R14 ili gari liinuke kwa ajili ya barabara mbovu. Rimu ni ile ile, kwa hiyo yaliingia bila tatizo. Tulipokaa tukapiga hesabu, tuliona kipenyo cha tairi zima kimetoka milimita 583 hadi 615, ongezeko la zaidi ya asilimia 5. Maana yake ni kwamba mshale wa spidi ukisoma 50, gari linakwenda karibu 53, na polisi mwenye kipimo hatasoma dashibodi yako. Isitoshe, gari likijaa abiria na usukani ukikatwa hadi mwisho, matairi ya mbele yalikuwa yakisugua plastiki ya ndani inayokinga tope. Ushauri wangu ni kwamba anayetaka kubadilisha saizi apige hesabu ya kipenyo kwanza, na tofauti isizidi asilimia 3. Kwa mfano, 195/65R15 na 205/55R16 zinapishana kwa milimita zisizofika 3.

Msimamizi wa magari ya abiria, Mwanza

Kwa wenye Hiace, tafadhali rudini kwenye ile alama ya uzito. Tairi la 195R15C lenye alama 106/104 hubeba kilo 950 likiwa peke yake, na kilo 900 pale yanapofungwa mawili mawili. Sokoni utapewa 205/70R15 yenye alama 96, ambayo ni tairi la gari dogo na mwisho wake ni kilo 710. Linapendeza machoni na bei yake ni nafuu. Kwenye ekseli ya nyuma, kwa matairi yake mawili, umepoteza kilo 480 za uwezo, na nyuma ndiko abiria na mizigo vinakolala. Kujaza upepo mwingi hakuponyi kasoro hiyo. Sisi tulikataa shehena nzima kwa sababu hii, na sijutii.

Mkazi wa Muscat

Assalaam aleikum. Huku Oman tukienda kwenye mchanga wa Sharqiya, tunashusha upepo wa gari la magurudumu manne hadi psi 15 au 18, ili tairi litandike na lisizame. Hatua hiyo ni sahihi kwa mchanga na kwa mwendo wa polepole tu. Kompresa lazima iwemo garini, kwa sababu ukirejea kwenye lami na upepo huo, joto la kiangazi likiwa juu ya nyuzi 40, ubavu hauvumilii.

Swali kutoka Dodoma

Je, lile tairi jembamba la akiba nalo lijazwe 32? Na umri wa tairi unasomwa wapi?

Aliyeanzisha mada

Ndugu yangu, hapana. Tairi hilo jembamba, ambalo saizi yake huanza na herufi T, hutaka 420 kPa, sawa na psi 60 au 61, na haliruhusiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa. Kwa kuwa hukaa buti miezi bila kuguswa, mara nyingi hukutwa halina upepo siku linapohitajika, hivyo lipimwe pamoja na mengine. Kuhusu umri, tafuta herufi DOT ubavuni, kisha soma tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta upande mmoja hauna tarakimu hizo, zitazame upande wa ndani.