MJADALA: Kambi za "uponyaji wa Kitibeti" milimani zisimamiwe kama zahanati, au ni utalii tu?

Mfamasia wa Pune (mwanzisha mada)

Wakuu, nilisomea huku India na bado nipo. Kila msimu wa joto ukikaribia, watu wa nyumbani wananiuliza swali lile lile: hizi kambi za Dharamsala na Leh, miji ya milima ya Himalaya, zinazouza wiki moja ya hewa ya mlima, meditesheni na uponyaji wa Kitibeti, zina ukweli wowote? Jibu langu huwa refu, kwa hiyo nalileta hapa tulichambue pamoja.

Tiba ya Kitibeti, wenyewe wanaiita Sowa Rigpa, haikubuniwa na mawakala wa utalii. Kitabu chake kikuu, Gyushi, kinanasibishwa na Yuthok Yonten Gonpo wa karne ya 12. Chuo cha Chagpori kilianzishwa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwaka 1696 na kikabomolewa 1959. Men-Tsee-Khang, taasisi ya tiba hii, ilianza Lhasa 1916, wakimbizi wakaifufua Dharamsala 1961. India iliitambua tiba hii kisheria mwaka 2010, na sheria ya 2020 inayosimamia tiba za asili za India imeiweka kundi moja na Ayurveda, Unani na Siddha. Mwanafunzi wake anasota zaidi ya miaka mitano. Anakariri Gyushi kama mwanachuoni anavyohifadhi, anajifunza kupima mapigo kwa vidole vitatu kila mkono, na kuukagua mkojo wa asubuhi: rangi, mvuke, harufu, na mapovu yake ukikorogwa.

Sasa njoo kambini. Matangazo niliyopitia yana bakuli za shaba zinazogongwa, ubani, juisi ya kijani na ukimya. Amchi, yaani tabibu wa tiba hii, ama hayupo au anapitishwa jioni moja kutoa hotuba. Bakuli zenyewe hazimo kwenye Gyushi. Kuzigonga kama tiba kulishika kasi Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1970.

Hoja yangu: kambi ikitangaza tiba, iwe na amchi aliyesajiliwa, ichukue historia ya mgonjwa, iandike kila kidonge inachotoa. Haiwezi? Iuze mandhari, hakuna ubaya. Nawasilisha.

Dada Utulivu

Mkuu, umeongea kifamasia mno. Mimi nilikwenda juu ya McLeod Ganj, kitongoji cha Dharamsala, baada ya msiba nyumbani na mwaka mbaya kazini. Sikuwa na ugonjwa wenye jina. Simu zilikusanywa langoni, nikawa naamka na mierezi dirishani, sisemi na mtu, na usiku nikaanza kulala. Nilihitaji amchi mwenye cheti ili nipate usingizi?

Mkiweka masharti ya zahanati, bei itapanda na watabaki kwenda wenye nazo. Halafu meditesheni imepimwa kisayansi. Uchambuzi uliochapishwa 2014 kwenye jarida la JAMA Internal Medicine ulikusanya majaribio 47 yenye watu zaidi ya 3,500, ukakuta inasaidia kwa kiasi kwenye wasiwasi, sonona na maumivu.

Mfamasia wa Pune

Pole kwa msiba, dada. Uchambuzi huo huo ulisema hakukuwa na ushahidi kwamba meditesheni inazizidi tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Na mengi ya majaribio yale yalihusu mafunzo ya wiki kadhaa, mtu anarudi kwake kila siku, si kufungiwa mlimani.

Usingizi wako siupingi hata kidogo. Nauliza tu: tangazo lililokupeleka kule liliandika nini?

Dada Utulivu

"Kusawazisha nguvu tatu za mwili na kutoa sumu." Haya, cheka.

Mzee wa Same

Wanangu, 2011 mlikuwa wapi? Samunge kule Loliondo, magari yamepanga foleni porini, kikombe kimoja cha dawa ya Babu shilingi 500. Wapo waliotoka pale wakaacha dawa za UKIMWI kwa kuamini wamepona. Kwa hiyo swali langu ni moja tu: huko kwenu Himalaya kuna mtu anayeambiwa aache dawa zake? Kama hakuna, waacheni watu wagonge bakuli. Kama yupo, hata amchi awe na vyeti ukuta mzima, ni hatari.

Mfamasia wa Pune

Shikamoo mzee. Amchi waliosomea ninaowafahamu hapa jambo la kwanza wanauliza unatumia dawa gani, na wengi watakurudisha hospitali wakiona mambo si ya kwao. Anayekuambia uache dawa ya presha kwa sababu mlima unasafisha damu ni mwenye kambi aliyesoma kozi fupi. Ndiyo maana nataka usajili.

Lakini nisiwapambe amchi kupita kiasi. Wana vidonge vya daraja la juu, rinchen rilbu, vinafungwa kwenye kitambaa cha hariri, na baadhi yake vina tsothel, yaani zebaki iliyochakatwa siku nyingi pamoja na salfa na madini mengine. Wao wanasema uchakataji unaiondoa sumu. Maabara ikipima itakuta zebaki bado imo, hata kama imebadilika umbo. Mjamzito, au mwenye figo dhaifu, simshauri aguse. Watu wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, mnaijua zebaki bila kuhadithiwa.

Mzee wa Same

Marahaba. Basi hata hao wenye vyeti waandike kilichomo.

Mwongoza Wageni, Moshi

Niingie kwa upande wangu, maana mnasahau mlima wenyewe. Dharamsala sina neno nayo, McLeod Ganj ni karibu mita 2,000, sawa na geti la Marangu la Kilimanjaro ukiongeza kidogo. Leh ni habari nyingine: mita 3,500 hivi. Mteja anapanda ndege Delhi asubuhi, mji uko chini ya mita 300, kabla ya saa sita mchana yuko kwenye urefu unaokaribia kambi yetu ya Horombo. Sisi mtu tunampandisha kwa miguu, analala kambi ya chini ya Mandara kwanza, na bado wengine wanatapika.

Sasa mtu huyo kichwa kinamgonga, chakula hakipiti, usingizi hauji. Kambi inamwambia ni sumu inatoka, ongeza kuvuta pumzi na kuibana, usile mpaka kesho. Mteja wangu mmoja alipitia hayo kabla hajaja Kilimanjaro, akanisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka. Maumivu hayo ni ya urefu wa mlima. Dawa yake ni kutulia, kunywa maji, na hali ikizidi, kushuka. Anayechelewa kushuka mapafu au ubongo vinaweza kujaa maji, na hapo hakuna bakuli litakalosaidia. Kabla ya kujadili amchi, waulizeni kama wana oksijeni na gari la usiku.

Nesi wa Zamu

Asante Mwongoza Wageni. Mimi niko wodi ya afya ya akili Nairobi, na nataka tuguse kitu ambacho Dada Utulivu hakukutana nacho, namshukuru Mungu kwa hilo.

Siku nyingi za kukaa kimya, kula kidogo na kulala kidogo si jambo jepesi kwa kila akili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mwaka 2017 utafiti wa mahojiano na watu wa Magharibi wanaofanya meditesheni za Kibudha. Waliorodhesha hofu kali, kukosa usingizi, kuona au kusikia visivyokuwepo, mtu kujihisi ametengana na mwili wake. Haimpati kila mmoja, na wengine yalipita. Lakini mwenye historia ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, au aliyetoka kwenye msiba mzito majuzi, anatakiwa kuulizwa maswali kabla ya kufungiwa lango. Kambi ikishachukua simu na kumkataza mtu kuongea, imebeba dhamana yake. Nani anamwangalia saa nane usiku?

Mfamasia wa Pune

Nesi, umenifikisha mahali nilipotaka, na hapa nitakaa kidogo.

Watibeti walilijua hilo zamani. Kwenye tiba yao mwili unaendeshwa na nguvu tatu: rlung, ambayo ni upepo, tripa ya nyongo na beken ya makamasi. Mawazo mengi, huzuni, njaa, kukesha, baridi na upepo vyote vinaichafua rlung. Ikichafuka moyoni mtu hatulii, anashtuka, anakosa usingizi, analia bila sababu. Na miongoni mwa wanaotajwa kuipata ni watu wanaolazimisha meditesheni. Lama, yaani mwalimu wa Kibudha, mwenye busara akimwona mwanafunzi wake amefika hapo, anamsimamisha, hamwongezei masaa.

Anampa nini? Supu ya mifupa. Siagi. Nyama. Mafuta ya uvuguvugu yanapakwa mwilini, kitambaa chenye kungumanga kinachovywa kwenye mafuta ya moto na kukandwa sehemu maalumu. Chumba chenye joto, marafiki wa kupiga nao soga, alale mchana akitaka. Na mpangilio wa matibabu wa Gyushi unaanza na chakula, kisha mwenendo, ndipo dawa, mwisho tiba za nje kama kuchua, kuchoma na kuogea.

Sasa mchukueni mteja wa kawaida wa kambi: mtu wa mjini, amechoka, ana wasiwasi, halali. Kwa macho ya amchi huyu ni mgonjwa wa rlung, hahitaji hata kukorogewa mkojo. Kambi inamweka kwenye upepo wa mlimani, inamnyima mazungumzo, inampa saladi baridi na juisi, inamwamsha alfajiri akakae macho yamefumba. Kwa jina la tiba ya Kitibeti anafanyiwa karibu kila kitu ambacho tiba ya Kitibeti ingemkataza! Daktari wa hospitali akizilaumu kambi hizi, wenyewe watasema anapiga vita mila. Amchi akizilaumu watasema nini?

Dada Utulivu

Hilo la saladi limenichoma, maana nilikula nyingi mno. Kwetu wali wa moto ulikuja siku ya tatu tukashangilia.

Lakini kuna upande hamjautaja. Vijijini Ladakh, eneo la Leh, amchi hakuwa analipwa mshahara. Wanakijiji walimsaidia kulima na kuvuna, naye akawatibu. Barabara na pesa taslimu zilipoingia, utaratibu ule ukalegea, na kijana wa amchi anaona bora awe dereva wa watalii. Kambi inayomwajiri inamweka kwenye kazi ya baba yake. Mkizibana kambi mpaka zifungwe, mtalinda wageni na kuwaua wenyeji.

Nesi wa Zamu

Na kijiji kilichobaki bila amchi kwa sababu yuko Leh anawapima mapigo wageni? Sisi manesi wa Kenya tunaoenda Uingereza tunaujua wimbo huo.

Bin Saidi, Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Mimi nina duka la dawa za asili hapa, na nataka muangalie shina badala ya matawi. Qisti hindi mnayonunua kwangu, na ndugu zetu Unguja wanayoitia kwenye asali, ni mzizi wa huko huko Himalaya, na Watibeti wanaitumia pia. Ya porini iko kwenye daraja kali kabisa la CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1985, biashara ya kimataifa ni marufuku. Inayouzwa kihalali ni ya kulimwa, kama ile ya bonde la Lahaul, India. Jatamansi, mzizi mwingine wa dawa, nayo iko CITES tangu 1997 na inahesabiwa iko hatarini kabisa kutoweka. Mzizi ukishang'olewa mmea umekwenda, na kule juu unachukua miaka kukua. Kila kambi ikiweka "bafu la mitishamba ya Himalaya" kwa kila mgeni kila jioni, mlima gani utatosha? Nyinyi mnataka cheti cha amchi, mimi nataka risiti ya mzizi.

La pili ni dogo. Dawa zao baadhi zinasomewa mantra, yaani maneno ya ibada ya Kibudha, kwa siku kadhaa kabla ya kugawiwa. Wenzangu Waislamu wanaokwenda waulize mapema, kila mtu na dini yake. Kambi haikuambii, inaandika "nishati" basi.

Mfamasia wa Pune

Risiti ya mzizi naichukua, naiongeza kwenye hoja. Dada, kuhusu wenyeji: sitaki zifungwe. Kambi yenye amchi wa kweli haina cha kuogopa, inayopoteza ni ile iliyomweka picha yake ukutani tu.

Dada Utulivu

Kwenye usajili wa amchi nimekubali, na vidonge viandikwe. Ninapokataa ni fomu ya maswali langoni. Mwenye kambi akiogopa kesi, atakataa kila mtu mwenye msiba, kila anayekunywa dawa ya sonona. Mimi ningerudishwa. Ningekwenda wapi wiki ile?

Nesi wa Zamu

Ungeingia, dada yangu. Fomu ninayoitaka si ya kufukuza. Aliyejibu ndiyo kwenye swali la msiba anapewa mtu wa kuongea naye kila jioni, analala chumba chenye mwenzake, simu yake haichukuliwi. Atakayefukuzwa ni mwenye saikosisi ambayo haijatulia, na huyo simfukuzi, namleta kwetu.

Mwongoza Wageni, Moshi

Na mteja wa Leh asianze chochote siku mbili za mwanzo. Alale, anywe chai.

Mzee wa Same

Chai ya siagi.